Nina Jumamosi na Jumapili tu Busan, tamasha la filamu nilipangeje?

binti_wa_maabara

Wakuu, habari za mihangaiko. Niko Daejeon, mwaka wa pili wa uzamili, na siku zangu nyingi zinaishia maabara. Mwaka huu nimeapa lazima nifike tamasha la filamu la Busan. Linaanza Jumatano tarehe 17 Septemba 2025 na kuisha tarehe 26, lakini profesa wangu si mtu wa kuombwa ruhusa katikati ya wiki. Kwa hiyo nina Jumamosi tarehe 20 na Jumapili tarehe 21, basi. Jumatatu saa tatu asubuhi natakiwa niwe nimeshavaa koti jeupe.

Jana usiku nilifungua ratiba nikaifunga hapo hapo. Jamani! Safu juu ya safu, kila onyesho na namba yake ya tarakimu tatu, vialama vya kila aina, kumbi zenye majina yanayofanana. Nikachukua karatasi nikaandika ninazozitaka, zikafika kumi na moja. Nikapiga hesabu ya saa, nikaona kumi zinawezekana kama sitakula.

Sasa naomba msaada kwa waliowahi kwenda. Mtu anaweza kuona filamu ngapi kwa siku na bado akakumbuka alichokiona? Kikorea changu ni cha sokoni, cha kuulizia bei na njia, nitaambulia kitu? Halafu wenzangu hapa wananitisha kwamba tiketi zinaisha ndani ya dakika chache. Nikikosa za waongozaji wakubwa, kuna maana ya kupanda treni? Na kulala je? Nimeangalia vyumba vya Haeundae, kule ufukweni, wikendi ile, nikacheka peke yangu kama chizi.

kocha_wa_kochi

Filamu kumi kwa siku mbili bila kula? Dada, hiyo siyo starehe, hicho ni kifungo. Ukifika ya sita utamuona muuaji wa filamu ya tatu amealikwa harusini kwenye filamu ya tano.

Mimi tamasha naliangalia kwenye kochi langu kwa hiyo sina la maana. Mwavuli yuko wapi? Huyo ndiye mwenye mambo haya.

Mwavuli_Uliopinduka

Nimeitwa, nimeitika. Dada karibu sana. Ngoja nikusimulie wikendi yangu ya kwanza kule, majibu yako utayakuta humo humo njiani.

Ilikuwa 2018. Enzi hizo tamasha lilikuwa la Oktoba, mwaka ule lilikuwa tarehe 4 hadi 13. Kurudishwa Septemba ni jambo la mwaka huu. Na mimi nilikuwa na orodha kama yako: filamu tisa, siku mbili, kalamu ya kijani kwa za lazima na nyekundu kwa za kufa na kupona. Nikatoka Seoul Ijumaa jioni kwa KTX, treni ya mwendo kasi, nikashuka stesheni ya Busan najiona kama mmoja wa majaji. Kumbe na Kong-rey yuko njiani.

Kong-rey ni kimbunga. Kilitua pwani ya kusini upande wa Tongyeong Jumamosi tarehe 6 asubuhi, kikapita jirani na Busan. Waandaaji walishajiandaa, maana 2016 kimbunga Chaba kiliyafagia mahema yao pale ufukweni Haeundae siku moja tu kabla ya ufunguzi. Safari hii waliwahi kuhamisha shughuli za ufukweni kwenda Busan Cinema Center, jengo kuu la tamasha. Ambaye hakujiandaa ni mimi.

Filamu yangu ya kwanza ilikuwa Jangsan, mwisho wa laini namba 2 ya metro. Mimi nikashuka Centum City, mtaa wenye lile jengo kuu, vituo vitano kabla, kwa sababu kichwani mwangu tamasha lilikuwa jengo moja. Nimegundua nikiwa nimeshatoka juu barabarani. Nikafungua mwavuli, mwekundu, mpya, nimeununua usiku uliotangulia. Upepo haukuupa hata nafasi ya kujitambulisha. Pwaa! Ukapinduka ukawa bakuli. (Haya, na mliokuwa mnauliza jina langu limetoka wapi mmepata.) Nikarudi chini, nikapanda treni, nikafika mlangoni mwa ukumbi nahema. Kijana wa kujitolea akaniinamia kwa heshima zote akaniambia haiwezekani. Muda wa kuingia ukipita umepita, hata ulie. Tiketi ikaenda na maji, na maji yenyewe yamo viatuni.

Kwa hiyo jibu la kwanza: kabla hujaangalia jina la filamu, angalia jina la ukumbi. Kumbi za Centum City zimekaribiana, unatoka huku unaingia kule kwa miguu. Iliyo nje ya hapo ihesabie safari, foleni ya lifti, na kupotea mara moja. Kumbi hubadilika mwaka hadi mwaka, kwa hiyo usinifuate mimi, fuata ratiba ya mwaka huu.

Nikarudi Centum City nimelowa chapachapa. Busan Cinema Center ukiiona mara ya kwanza lazima usimame. Ilifunguliwa 2011, na paa lake kubwa linatokeza mita 85 hewani, limebebwa na nguzo moja tu nene iliyojipinda kama koni mbili zilizopandana. Guinness wameliandika kwa hilo. Kwa chini limejaa taa za LED, usiku rangi zinapita juu yako kama samaki. Siku ile nikajifunza jambo ambalo Guinness hawakuliandika: mvua ikija ya ubavu, paa la mita 85 ni pambo.

Nikakaa kwenye ngazi nakamua soksi. Akaja mama mmoja wa Kikorea, makamo ya mama yangu mdogo, na kitambulisho cha tamasha shingoni. Hakuniuliza kitu. Akafungua mkoba, akatoa kitaulo kidogo cha njano, akaniwekea gotini. Halafu akaichukua ratiba yangu, imelowa mpaka wino umechanganyikana, kijani na nyekundu zimekuwa rangi ya tope. Akaiangalia muda mrefu. Akatikisa kichwa kama mwalimu aliyepewa daftari chafu, akaweka kidole kwenye mstari ambao mimi sikuwa nimeugusa kabisa. “Igeo,” akasema. Hii.

Ilikuwa filamu ya 1980. Mwaka ule walikuwa na kumbukizi ya kazi za muongozaji Lee Jang-ho, na mimi nilikuwa nimeiruka safu nzima, maana nani anasafiri mwendo wote huo kwenda kuona filamu ya zamani? Nikaingia kwa sababu ndani kulikuwa na joto, nisiwadanganye. Ni habari ya vijana watatu wametoka shamba kuja kuhangaika Seoul: mmoja anapeleka vyakula vya mgahawa wa Kichina, mmoja yuko kinyozi, mmoja anafanya kazi nyumba ya wageni. Mji unajengwa huku wao wanaitwa kila jina. Fikiria imetoka wakati nchi iko mikononi mwa wanajeshi, halafu kijana kwenye skrini anagugumia maneno na wewe unajua fika ni kwa nini hasemi wazi.

Sasa, watu waliokuwa ukumbini. Wengi wao wazee. Babu aliyekaa kulia kwangu alikuwa anataja kitu kwa sauti ya chini kila picha ikibadilika. Nilidhani anasali. Baada ya muda nikashika neno moja, “Gangnam”, nikaelewa: anataja mitaa. Mtaa unatokea, yeye anautaja, kama mtu anayepitisha majina msibani. Nyuma yetu akina mama wanacheka kabla utani haujaisha, wanaujua. Mimi ndani ya soksi mbichi, mwavuli bakuli miguuni, nikasahau kwamba nimekosa filamu.

Nilipotoka nikaifuta orodha. Tangu siku hiyo kule nakwenda na kanuni moja: naona kile ambacho nikikikosa hapa sitakiona tena. Filamu ya muongozaji mkubwa itakuja kwenye ukumbi wa kawaida wiki chache baadaye, au mwakani utaiona kwenye simu umelala. Ya kijana anayetoa filamu yake ya kwanza, kutoka nchi ambayo huijui hata mji mkuu wake, pengine usiikute popote. Na tiketi zake ndizo hubaki!

Hapo kuna herufi mbili utazikuta kwenye ratiba, GV. Maana yake wageni wa filamu wamo ukumbini, wanabaki kujibu maswali. Zifuate kama inzi na embe. Jumapili yangu niliipa filamu ya kwanza ya jamaa mmoja kutoka Asia ya Kati. Ukumbi nusu mtupu. Filamu ya polepole, nitakuwa mkweli, nililala kama dakika kumi hivi, na wala sioni aibu. Taa zikawaka, akapanda yeye na mkalimani mwenye kijidaftari. Utaratibu ni huu: swali kwa Kikorea, linageuzwa, yeye anajibu, jibu linarudi kwa Kikorea, wakati mwingine na Kiingereza juu yake. Nusu saa nzima inameza maswali matano tu. Wa kwanza aliuliza mambo ya bajeti. Wa pili akatoa hotuba. Wa tatu binti mdogo, sauti haitoki, akauliza kwa nini yule mama kwenye filamu hakai chini hata mara moja.

Na kweli, hakukaa. Nilikuwa sijaona.

Jamaa akanyamaza mpaka mkalimani akamgeukia kumwangalia. Kisha akasema yule ni mama yake mzazi, si mwigizaji. Alimwomba akae, kila siku alimwomba, mama akagoma: nyumba imejaa wageni, wapiga picha na washika taa, mwenye nyumba anakaaje? Basi akaacha hivyo hivyo. Ukumbi mzima, hao watu hamsini au sitini, wakatoa ile “aaah” ya Kikorea inayoshuka taratibu. Nikatamani filamu ianze upya.

Ndiyo maana nakuambia tatu kwa siku. Nne kama moja ni fupi na kumbi zinatazamana. Ukipanga tano utakuwa unatoka GV katikati ili uwahi nyingine, na kile ulichokifuata Busan umekiacha kwenye kiti.

Lugha isikupe presha. Kwenye maonyesho yangu filamu za nje zilikuwa na maandishi ya Kiingereza chini ya picha na ya Kikorea pembeni. Ila kila onyesho kwenye ratiba lina alama ya lugha, isome kabla ya kulipa, hasa kwenye filamu za Kikorea zenyewe. Utani wa kwanza utakupita wakati bado unasoma. Utazoea.

Kulala: mimi nilikuwa na nafasi kwenye nyumba ndogo ya wageni, nikafika usiku nikakuta kitanda changu kina mtu anakoroma. Mwenye nyumba akaomba radhi, akarudisha hela, lakini radhi hailaliwi. Nikaenda jjimjilbang, zile bafu za umma zinazokesha wazi. Unapewa pajama za rangi ya chungwa na ufunguo wa kuvaa mkononi, unaoga maji ya moto mpaka unasahau jina lako, kisha unalala sakafuni penye joto, kichwa juu ya kimto kigumu kama kitabu. Kuna watoto, kuna wazee, kuna mtu anakula mayai ya kuchemsha saa nane usiku. Ni rahisi mno ukilinganisha na hoteli. Nililala vizuri kuliko kwangu.

Zulia_Jekundu

Mwavuli nakuheshimu sana dada yangu lakini hapa unampotosha mwenzio. Hizi hadithi za “filamu ndogo ndogo” zinawapendeza nyinyi mliokwenda mara nyingi. Mtu ana wikendi moja ya maisha yake, unampeleka akalale kwenye ukumbi nusu mtupu?

Binti, sikiliza. Pale Cinema Center kuna ukumbi wa nje, viti kama 4,000. Tafuta onyesho moja la usiku pale, liwe la nani sijui, chukua. Filamu kubwa ukiiona na watu elfu nne wanaovuta pumzi pamoja, upepo wa bahari unakupiga shingoni, hiyo huipati kwenye simu hata kidogo. Mimi nilimuona mzee mzima mwenye suti analia pale na mkononi ana kikombe cha tambi za papo kwa papo.

Halafu mwaka huu kuna jambo Mwavuli hajaligusa. Hili ni tamasha la 30, na ndiyo mara ya kwanza wameweka shindano rasmi la filamu za Asia, filamu 14. Zamani Busan halikuwa tamasha la kushindana kama lile la Cannes, Ufaransa. Kwa waongozaji wa Asia, kilichojulikana zaidi ni tuzo ya New Currents, ya wenye filamu ya kwanza au ya pili. Sasa umepata bahati ya kuwepo mwaka wa kwanza wa jambo, usiende kukaa na mababu wanaotaja mitaa. Chukua angalau mbili za shindano.

Mwavuli_Uliopinduka

Kaka Zulia, kwenye ukumbi wa nje umenishika, nakubali. Binti, chukua onyesho moja la usiku pale. Beba koti jepesi, bahari iko karibu.

Kwenye shindano pia sibishani, ila angalia zenye GV kwanza. Mababu zangu usiwaguse.

Na kwa kuwa tumefika huko, niongeze kitu, maana wengi huliona Busan ni la zulia na picha za wasanii tu. Aprili 2014 kivuko cha Sewol kilizama, wakafa watu 304, wengi wao wanafunzi waliokuwa safarini na shule yao. Mwaka huo huo tamasha likapanga kuonyesha filamu ya hali halisi kuhusu uokoaji ule. Meya wa jiji akataka iondolewe. Wakaionyesha. Baada ya hapo ruzuku ikakatwa, uongozi ukaandamwa, watengenezaji filamu wa Korea wakafikia kulisusia tamasha. Huo 2018 nilioenda ndio mwaka ambao watu walikuwa wanasalimiana kama ndugu waliopatana. Yule mama wa kitaulo, nilikuja kumuona tena Jumapili kwenye foleni ya kahawa, anakumbatiana na mtu na wote wawili wanafuta macho. Sikuelewa siku ile. Nimekuja kusoma baadaye.

Kulikuwa pia na tuzo inaitwa Kim Ji-seok. Huyu alikuwa mmoja wa waliolianzisha tamasha, kazi yake ilikuwa kuzunguka Asia kutafuta filamu. Akafariki 2017 akiwa Cannes, kazini. Filamu nyingi za Asia zilizoletwa Busan zilipita kwenye macho ya mtu huyo kwanza. Ndiyo maana nawaambia zile nusu tupu siyo za kujazia ratiba, kuna mtu alipanda ndege kuzifuata.

pweza_wa_jagalchi

Samahani naingilia, mimi nakaa huku huku Busan, na naona wote mnaongelea Centum City kama vile Busan nzima ni lile jengo. Tamasha lilizaliwa Nampo-dong, Septemba 1996, kwenye majumba ya sinema ya mjini kwa zamani. Kuna BIFF Square mpaka leo (BIFF ni kifupi cha jina la tamasha kwa Kiingereza), ardhini wamebandika alama za viganja vya watu wa filamu. Nilipima changu kwenye kiganja kimoja, kikatosha, nimekuwa na kiburi tangu siku hiyo.

Na pale ndipo pana ssiat hotteok. Ni kama chapati nene ndogo, inakaangwa kwenye mafuta mpaka inatutumka, wanaipasua kwa mkasi, wanajaza mbegu na sukari ndani. Inaunguza ulimi. Ukiona hakuna foleni, siyo yenyewe.

Kama huli nguruwe kuwa makini na supu wanayoiita dwaeji gukbap, kila kona ipo, na harufu yake itakushawishi.

Mwavuli_Uliopinduka

Pweza yuko sahihi, na nitampa binti hesabu. Kutoka Centum City kwenda Nampo-dong unapanda laini ya 2 mpaka Seomyeon, unabadilisha laini ya 1 mpaka Jagalchi. Kwenda na kurudi katikati ya siku umeua filamu nzima. Lakini stesheni ya treni ya Busan iko kwenye laini hiyo hiyo ya 1, vituo vitatu tu kutoka Jagalchi. Kwa hiyo Nampo-dong iweke Jumapili jioni, mwisho wa safari, begi mgongoni. Filamu ya mwisho Centum City mchana, unateremka Nampo-dong, unakula hiyo chapati ya Pweza, unapanda treni na midomo ina sukari.

Usiifanye Jumapili ya filamu tatu. Mbili.

Na kama usiku wa Jumamosi vyumba vimekushinda kabisa, kuna kipengele chao cha usiku, Midnight Passion. Wanakufungia filamu mbili au tatu mfululizo, za kutisha na za fujo fujo, kuanzia usiku wa manane mpaka karibu na alfajiri. Kuna wanaofanya hivyo kukwepa hoteli. Nilijaribu mwaka uliofuata. Filamu ya pili nilikuwa macho kwa sababu watu wanapiga kelele. Ya tatu ukumbi mzima ulikuwa unakoroma, na kwenye skrini mtu anakatwakatwa bila shahidi. Kwa umri wako unaweza. Jumatatu na koti jeupe, sijui.

binti_wa_maabara

Nimerudi na ripoti. Asanteni sana wote, nimewasoma kama kitabu cha mtihani.

Nilifungua akaunti mapema kama dunia inavyoshauri, siku ya tiketi nikajifungia kwenye chumba cha mizani maabara, ndiko mtandao una nguvu. Saa ilipogonga nikabonyeza, nikawekwa kwenye foleni na maelfu ya watu mbele yangu. Nikaangalia ile namba ikishuka, nikahisi kama nipo kwenye filamu ya kusisimua ya mtu asiyesogea. Ya muongozaji mkubwa niliyoitaka iliisha kabla sijafika. Profesa akafungua mlango, akaniona nimekodolea macho kompyuta, akaufunga polepole. Nadhani alidhani ni data.

Nilichoambulia: Jumamosi asubuhi moja ya shindano, mchana filamu ya kwanza ya mwongozaji mpya, ina GV, halafu usiku ukumbi wa nje (Kaka Zulia, uridhike). Jumapili asubuhi filamu ya zamani iliyosafishwa upya, sikuwa hata nimeisikia, nimeichukua kwa ajili ya mababu. Mchana moja ya GV. Jumla tano. Kumi na moja zimekuwa tano na sijalia.

Ile kubwa niiache kabisa, au?

Halafu swali la aibu. Kwenye hiyo GV, mgeni mwenye Kikorea cha sokoni anaruhusiwa kunyoosha mkono?

kocha_wa_kochi

Tano na chakula? Sasa hapo nakuelewa.

Mwavuli_Uliopinduka

Hongera! Tano za namna hiyo ni nyingi. Ile kubwa usiifunge kabisa: ingia kwenye ukurasa wake usiku wa kuamkia siku yenyewe, watu hubadili mipango na viti hurudi kimoja kimoja. Kikitokea na hakigongani na chochote, chukua. Kikigongana na GV, mwachie mwingine.

Mkono unyooshe. Uliza kwa Kiingereza, mkalimani yupo kwa ajili hiyo. Swali liwe moja, fupi, la kitu ulichokiona kwa macho yako: kiti, dirisha, mtu aliyetoka mlango wa nyuma. Usianze na “kwanza nakupongeza kwa kazi nzuri”, hiyo ikigeuzwa lugha mbili inakula dakika nzima na watu wanaanza kuchukua mabegi. Mimi huliandika swali mkononi kwa kalamu wakati filamu inaendelea, gizani, herufi kubwa. Asubuhi yake huwa siwezi kusoma nilichoandika, lakini usiku ule linatosha.

Kiti chukua cha pembeni, ukinyoosha mkono wakuone wenye maikrofoni.

Soksi za akiba weka mfuko wa juu wa begi, siyo chini. Na uchungulie utabiri wa hali ya hewa Ijumaa. Kama wametaja kimbunga, mwavuli uache Daejeon, nunua koti la mvua.

binti_wa_maabara

Koti la mvua ninalo, la njano. Mkiniona pale kwenye ngazi nakamua kitu mnisalimie.